Hapana ya Kwanza ya Shangazi Borgny

Gunnvor alimpigia shangazi yake simu akiwa amesimama jikoni kwake Bergen, koti begani na funguo za gari mkononi. Alifanya hivyo makusudi. Mtu aliyesimama na koti ana haki ya kukata maneno.

"Shangazi, mimi na Eilev na Torunn tumeamua kupanda meli wikendi ile baada ya sikukuu ya taifa. Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Tutaingia fyordi mpaka kule ndani kabisa, na asubuhi ya Jumamosi tutapita chini ya Litleskor. Je, ungependa kuja nasi?"

"Aka! Mimi tena?" Borgny alicheka. "Kizee kama mimi melini nikafanye nini? Nitawasumbua bure. Nendeni nyie vijana mkajifurahishe."

Vijana wenyewe ndio hao: Gunnvor alikuwa anakaribia sitini na goti lake la kushoto lilikuwa linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Lakini hilo si neno. Neno ni alichojibu.

"Haya basi, shangazi. Kama ndivyo unavyoona."

Simu ikanyamaza. Gunnvor aliisikia saa ya ukutani ya shangazi yake ikitembea kule upande wa pili, na juu ya saa hiyo akasikia pumzi ya mtu anayengoja. Aliisikia vizuri kabisa. Angeweza kujaza kimya kile kwa maneno mepesi tu, acha hizo shangazi, bila wewe safari haina chumvi. Akahamisha funguo kutoka mkono huu kwenda ule.

"Basi," Borgny alisema mwishowe. "Basi vizuri. Mvae nguo za joto, baharini kuna upepo."

Sasa lazima ieleweke kwamba kwa watu wa kule ndani ya fyordi, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya milima, na hasa wa umri wa Borgny, hapana ya kwanza si jibu. Ni adabu tu. Mgeni mwenye malezi akikaribishwa kahawa husema hapana, msijisumbue. Akisihiwa, husema labda nusu kikombe. Akisihiwa tena, anakunywa mpaka birika linalia, na keki juu. Anayepokea mara ya kwanza ataitwa mlafi mpaka kaburini. Na anayekaribisha mara moja tu, huyo hajakaribisha. Amepita tu mlangoni akapiga chafya.

Gunnvor hakuwa mgeni wa mambo haya. Alilelewa nayo. Alijua hapana ya kwanza ya shangazi yake ina maana gani kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Ndiyo sababu aliuliza mara moja, akakata simu, akajiambia kwamba amemwalika. Na kweli amemwalika. Nani atamshika shati?

Sababu alikuwa nazo, na hazikuwa za mtu mbaya. Vyumba walivyopata melini vilikuwa vya watu wawili wawili. Anayelala na Borgny ndiye anayeamka naye usiku, anayetafuta kile kifaa chake cha kusikilizia chini ya mto, anayesukuma kigari chake cha kuegemea akitembea kwenye vizingiti vya chuma. Mtu huyo angekuwa Gunnvor, kwa sababu mtu huyo huwa Gunnvor kila siku. Torunn anaishi Oslo na huja nyumbani kama nyota yenye mkia. Eilev ni mwanamume, na katika ukoo ule hiyo inatosha kumpa mtu likizo ya maisha. Tangu wamzike baba yao, hao ndugu watatu hawakuwahi kukaa pamoja meza moja bila kuwa na jambo la kugawana au kutia sahihi. Gunnvor aliutamani usiku mmoja wa kucheka na ndugu zake hadi mbavu zimuume, bila ya kupaza sauti ili mtu wa pembeni asikie kilichosemwa.

Hayo yote ni kweli. Na ni kweli pia kwamba Borgny, dada wa baba yao, ndiye mtu pekee aliye hai aliyezaliwa Litleskor.

Litleskor ni shamba la ukoo wao, kama utaliita shamba: ngazi moja ya majani katikati ya jabali, maji chini, theluji juu. Watoto wa pale walifungwa kamba kiunoni wakicheza nje ili wasidondoke fyordini. Babu yao alipochoka kuuzoea mlima aliwashusha wote kwa mashua, mbuzi na watoto, akafunga mlango. Borgny alikuwa msichana mdogo. Hakurudi tena. Barabara haijawahi kufika pale, na ile njia ya miguu iliporomoka na mlima zamani. Kilichobaki kwake ni picha moja ukutani juu ya meza ya jikoni, ambayo wageni wakiiulizia, yeye huinuka kuangalia kama jiko limezimwa.

Hakuwahi kusema anataka kupaona. Borgny hakuwahi kusema anataka kitu chochote. Mama yao akina Gunnvor alipougua mapafu, Borgny alikuja kukaa nao akawapikia, akawafulia, akawa anamsuka Gunnvor nywele kila asubuhi kwa mikono yenye harufu ya sabuni ya kijani, na alipoulizwa anataka zawadi gani ya Krismasi alisema ana kila kitu. Alikuwa na sketi mbili.

Kwa hiyo roho ilimsuta Gunnvor, lakini kwa upole mwanzoni, kama mtu anayekohoa chumba cha pili.

Mipango ikaendelea. Jioni moja wote watatu walikuwa kwenye simu, nyuso zao zimepangwa kwenye kioo. Torunn alitaka chumba chenye dirisha, la sivyo angelala sitahani na kamba za meli. Eilev alikuwa ametandaza ramani ya fyordi juu ya meza yake ya chakula na kuisoma kama jemadari.

"Tunapita Litleskor baada tu ya chakula cha asubuhi," alisema. "Upande wa kushoto. Kwa hiyo, Torunn, tafadhali, uwe umeamka, umevaa, na umekwisha kupaka hayo marangi yako."

"Mimi nikiwa na usingizi ni mzuri kuliko wewe ukiwa na tai," Torunn alijibu. "Na divai? Bei za melini zile ni za kumwibia mtu mchana."

"Divai naleta mimi. Nyie leteni vinywa."

Wakacheka. Gunnvor alicheka kuliko wote. Hapo ndipo Eilev alipovua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na shangazi je? Si anakuja?"

"Nimemuuliza. Amekataa."

"Amekataa, au amekataa ile ya kwake?"

Torunn aliangalia kucha zake. Gunnvor aliona njia mbili mbele yake, zote ziko wazi, wala hakuna aliyemsukuma.

"Kakataa kabisa," alisema. "Nimembembeleza mpaka midomo imekauka. Miguu, anasema. Hataki."

"Maskini," Eilev alisema, akavaa miwani yake. "Haya. Bora ameulizwa."

Tangu jioni ile kikohozi cha chumba cha pili kikahamia kitandani mwa Gunnvor. Kumnyima mtu kwa kunyamaza ni jambo moja, hata yeye mwenyewe angeweza kulitafutia jina zuri. Lakini huu ulikuwa uongo, wa kutamka, na aliutia chumvi. Kazini alikosea mambo ya kawaida. Mume wake alimuuliza kama ana homa. Alijaribu kujitia hamnazo, akanunua koti jipya la mvua kwa ajili ya safari, akalirudisha dukani siku iliyofuata bila kujua kwa nini.

Wiki ya safari ilipofika akashindwa. Alipiga simu kwenye kampuni ya meli asubuhi. Wakamwambia kuna mtu kajitoa, chumba kimoja kipo. Akaomba wamshikie mpaka jioni. Akaingia garini, akaendesha mpaka Eikanes, kijiji cha shangazi yake, kando ya mitufaha iliyokuwa inachanua mteremko mzima, na hakuiona.

Borgny alifungua mlango. Gunnvor alisimama kizingitini akimtazama kichwani.

Nywele za shangazi yake zilikuwa zimetengenezwa. Zilikuwa na mawimbi, meupe, yamepangwa vizuri mpaka nyuma ya masikio, kama siku ya kipaimara ya mtoto. Na nyuma yake, kwenye kiti cha ukumbini, lilining'inia koti jipya la mvua, la buluu, karatasi ya duka bado iko kwenye mkono.

"Umependeza, shangazi. Kuna sherehe?"

"Nywele tu. Zilikuwa zimechoka." Borgny alishika kigari chake akageuka. "Ingia, unaleta baridi. Nina unga umebaki, nakuchomea vafeli."

Alizichoma, keki nyembamba laini zenye vishimo vya mraba. Hakumruhusu Gunnvor aguse chuma cha kuchomea. Walikaa chini ya ile picha, jamu na jibini la kahawia kati yao, na Gunnvor akakunja vafeli yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shangazi, twende wote Ijumaa. Nafasi ipo, nimewauliza leo hii. Nitalala na wewe, nitakusukumia kigari, kila kitu."

"Hapana."

"Nakuomba, shangazi. Safari haitakuwa na maana bila wewe. Wewe ndiye utakayetuonyesha."

"Hapana, Gunnvor."

Alikuwa tayari kwa hapana hizo. Alizihesabu kama ngazi za kupanda. Ila hizi hazikuwa na kicheko ndani yake. Shangazi yake alikuwa anapaka jamu, taratibu, mpaka ukingoni, bila kuinua macho.

"Eilev alinipigia," Borgny alisema.

Gunnvor aliiacha vafeli sahanini, nusu imekunjwa.

"Akaniambia, 'Shangazi, nasikia Gunnvor amekubembeleza mpaka midomo imekauka, na wewe umekaza shingo.'"

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nilimwambia ndiyo. Nikasema maskini Gunnvor alijitahidi sana, ila miguu yangu haifai kwa meli." Akamsogezea sahani. "Kula, zinapoa."

Uso wa Gunnvor uliwaka mpaka kwenye mizizi ya nywele. Alitamani shangazi yake ampigie kelele, amwite majina, amtupie hata hicho chuma cha vafeli. Badala yake alikuwa anasogezewa jibini.

"Nitampigia sasa hivi," alisema, akiutafuta mkoba wake. "Nitamwambia ukweli. Kwamba niliuliza mara moja nikakata. Kwamba nilimdanganya."

"Thubutu!"

Hiyo ilikuwa sauti ambayo Gunnvor hakuwahi kuisikia kutoka kwa Borgny. Hata Borgny mwenyewe ilimshtua. Aliweka kisu chini.

"Ukimwambia," aliendelea kwa upole, "nitakuja kukaa meza ile nikiwa nani? Nitakuwa yule kizee aliyechukuliwa kwa aibu. Eilev atanivutia kiti, Torunn atanikatia nyama, na wewe utakuwa unaniangalia hivyo unavyoniangalia sasa. Siku mbili nzima, melini, pa kukimbilia hakuna. Sitaki. Mimi nilitaka…"

Hakumaliza. Aliinuka kwenda kuangalia kama jiko limezimwa. Lilikuwa limezimwa, aliliangalia sana.

"Shangazi, ulijua? Ile siku ya simu?"

"Nilijua nini? Nilidhani labda mtu amekugongea mlango. Nikasema atapiga tena." Alijigusa nywele kwa nyuma, kidogo tu. "Wenye saluni siku hizi lazima upange mapema."

Gunnvor akalia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtu anayejilia mwenyewe, na alijua hivyo, na hilo likamzidishia. Borgny alimletea kitambaa cha vyombo na kumpigapiga mgongoni, pa, pa, kama anavyomtuliza mtu mwenye kwikwi. Ndivyo ilivyokuwa: aliyekosewa amesimama, anamfariji aliyekosea, kwa miguu ile mibovu.

"Yaache," alisema. "Nendeni mkafurahi. Mkipita pale, nipigie. Uniambie kumekuwaje."

Jioni Gunnvor aliipigia kampuni ya meli, akakiachia chumba.

Ijumaa ilikuwa nzuri, kwa anayetaka kujua. Walikula kamba wa kuchemsha, wakanywa divai ya Eilev kwenye vikombe vya kupigia mswaki. Torunn alimwiga mchungaji aliyewabatiza, na Gunnvor akacheka mpaka mbavu zikamuuma kama alivyotaka. Kila alipomaliza kucheka ilimjia ile karatasi ya duka kwenye mkono wa koti.

Jumamosi asubuhi fyordi ilikuwa imejaa ukungu. Ulikaa juu ya maji na kupanda mpaka popote palipokuwa na mwisho. Abiria walisimama sitahani na kamera zao wakipiga picha za weupe. Eilev alisimama karibu na Gunnvor, ramani chini ya kwapa, amenuna kama vile yeye ndiye aliyeagiza hali ya hewa.

Gunnvor akapiga. Simu ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mmefika?" Borgny aliuliza.

"Ndipo hapa hapa, anasema Eilev. Lakini kuna ukungu, shangazi. Sioni kitu. Hata mlima siuoni."

"Tazama juu ya maporomoko ya maji."

"Nayasikia. Siyaoni."

"Ngoja kidogo. Huwa unanyanyuka."

Wakangoja, mmoja melini na mmoja jikoni. Lakini meli haikungoja. Sauti ya maporomoko ilikuja ubavuni, ikawa kubwa, ikaanza kubaki nyuma.

"Mmeshapita?"

"Nadhani tunapita sasa, shangazi."

Borgny akacheka, kile kicheko chake cha siku zote. "Umeona basi! Na mimi ningekuja huko na kigari changu chote kutazama pamba. Afadhali nilibaki. Usijisumbue tena moyo, mwanangu, umesikia? Ningekuja nisingeona kitu. Yaishe."

Laiti ungejua utamu wa maneno hayo masikioni mwa Gunnvor. Mabega yake yalishuka yenyewe. Hakuna kilichopotea, basi. Amekosa, ndiyo, lakini kosa lake halikumnyima mtu kitu. Alifumba macho akavuta hewa ya baridi mpaka chini, na alipokuwa bado amefumba akasikia watu wote sitahani wanaguta kwa pamoja.

Ukungu ulikuwa umepasuka. Haukuondoka wote, ulifunguka mahali pamoja tu, nyuma kidogo ya meli, na jua likaingia hapo. Juu ya jabali jeusi palikuwa na kipande cha majani mabichi, na juu ya majani hayo nyumba ya mawe bila paa.

"Ile pale!" Eilev alimshika mkono. "Ile pale, Gunnvor! Mwambie!"

Shangazi yake hakuwa amesikia. Masikio yale hayakamati sauti ya mbali. "Haya, mkanywe kahawa," alikuwa anasema. "Mtashikwa na mafua." Kilichotakiwa ni neno moja, kwaheri, na msamaha ule ungebaki kwa Gunnvor maisha yake yote, mzima, hauna ufa. Tayari alikuwa anaufungua mdomo kulisema.

"Shangazi," alisema. "Umefunguka. Pako wazi."

Kule jikoni kiti kilikwaruza sakafu.

"Unapaona?"

"Napaona. Kuna jua."

"Sema."

"Kuta zimesimama, zote nne. Paa halipo. Kuna ngazi za mawe zinashuka mpaka ukingoni, na majani yameota juu yake. Na kuna mti ndani ya nyumba, shangazi, umeota ndani kabisa, umetokea juu."

"Upande gani?"

"Upande wa maji."

"Hapo ndipo tulipokuwa tunalala," Borgny alisema. "Endelea."

Gunnvor akaendelea. Alisema zizi, alisema jiwe kubwa lenye mgongo, alisema ukuta mdogo ambao hakujua ni wa nini na Borgny akamwambia ni wa viazi. Alisema mpaka maneno yakamwishia, akasema rangi. Eilev alinyoosha mkono kuomba simu, Gunnvor akamgeuzia mgongo. Kisha pembe ya mlima ikaja taratibu, ikala ngazi, ikala kuta, ikala mti.

"Pamefichika," alisema.

Alisikia saa ya ukutani. Hakusikia kicheko.

"Gunnvor."

"Naam, shangazi."

"Nilitaka kuja."

Gunnvor alishika chuma cha ukingo kwa mkono wake mtupu, baridi ikampanda mpaka kwenye kiwiko. Eilev alikuwa nyuma yake anauliza, amesema nini, amesema nini?

"Najua, shangazi," alisema. "Nilijua hata nilipokuwa nakuuliza."